Quanzhou, mji wa kale ulioitwa Zaituni: maswali mnayoniuliza kila siku

Tangu nianze kuweka picha za Quanzhou kwenye status yangu inbox imejaa, na maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeamua kuyajibu yote hapa mara moja ili mtu akiuliza tena namtumia tu linki. Mimi si mwanahistoria. Mi ni mtu wa mzigo, nilifika huko kufuata viatu, nikaona niangalie mji kidogo wikiendi, nikanasa.

Quanzhou ndo wapi, na inatamkwaje?

Tamka kama "Chwenjou", watakuelewa. Iko mkoa wa Fujian, kusini mashariki mwa China, pwani kabisa, ukivuka bahari ng'ambo ni Taiwan. Kuuita mji mdogo ni kosa, maana sensa ya 2020 ilihesabu watu kama milioni 8.78, lakini hiyo ni pamoja na wilaya zote, mfano Jinjiang kwenye viatu (Anta, Xtep na 361° wote ni wa upande huo), Dehua kwenye vyombo vyeupe vya kauri, Anxi kwenye chai, Nan'an kwenye mabomba na koki za maji. Mji wa kale wenyewe, huu ninaousema mimi, hauzidi kilomita za mraba 7. Unauzunguka kwa miguu, miguu ikiuma kuna vibasi vya umeme vidogo vyeupe, wenyeji wanaviita "Xiaobai", yaani keupe.

Mbona unauita Zaituni? Kuna mizaituni huko?

Hamna hata mmoja. Karne ya 10 mtawala wa pale alipanda miti inaitwa citong kuzunguka ukuta wa mji, maua mekundu kama moto, ni ukoo mmoja na mti ambao kwetu wengine wanauita mwamba ngoma. Wafanyabiashara Waarabu na Waajemi wakisikia "citong" masikioni mwao inaingia "zaituni", basi likawa ndo jina la mji kwenye bahari yote ya Hindi. Ibn Battuta mwenyewe alipofika akaandika kwamba mji unaitwa Zaituni ila zaituni hamna, si hapo wala China nzima. Msomaji wa Kiswahili utani huu anaupata bila kuelezwa, mzungu mpaka umfafanulie.

Huyo Ibn Battuta si ndo yule aliyefika Kilwa?

Huyohuyo. Alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na miaka ya 1340 akawa Zaituni, akaona bandarini majahazi makubwa ya Kichina kama 100 na madogo yasiyohesabika, akasema bandari hii ni kati ya kubwa kabisa duniani kama siyo yenyewe ndo kubwa kuliko zote. Marco Polo naye alipandia meli hapohapo akirudi kwao miaka ya 1290 mwanzoni, na alisema kila meli moja ya pilipili manga inayokwenda Alexandria basi Zaituni zinakuja 100. Marco alikuwa na chumvi nyingi, hilo tunalijua, ila picha unaipata.

Na kiungo cha kwetu hakiishii hapo. Nje kidogo ya mji kuna kilima cha Lingshan chenye makaburi mawili ya kale ya Waislamu, wenyeji wanasimulia ni ya masahaba, na pembeni kuna jiwe lililochongwa maandishi kwamba mwaka 1417 Zheng He, yule amiri wa meli za mfalme, alifika hapo kufukiza ubani kabla ya safari. Safari hiyo, ya tano kati ya safari zake kubwa, ndiyo iliyofika mpaka Malindi! Miaka miwili nyuma Malindi ilikuwa imempelekea mfalme twiga, sasa wajumbe walikuwa wanarudishwa makwao. Nilisimama mbele ya lile jiwe nikawa najisemea, aisee, huyu mtu alitoka hapa akaenda kwetu, mimi nimetoka kwetu nimekuja hapa, tofauti yeye hakukaa masaa 5 akisubiri kuunganisha ndege.

Sasa kama ilikuwa kubwa hivyo, kwa nini watu wengi hawaijui?

Ilikufa taratibu. Kwanza ilikuja vita, kuanzia 1357 mpaka 1366 askari wa Kiajemi waliokuwa wakilinda mji waliasi, mapigano yakaenda karibu miaka 10 na mwisho wake wageni wengi waliuawa au wakakimbia, misikiti na makaburi yao yakabomolewa na mawe yakatumika kujengea ukuta wa mji. Halafu ukaja utawala wa Ming na amri zake za kukataza watu binafsi kufanya biashara ya baharini, karne ya 15 ofisi ya ushuru wa meli ikahamishiwa Fuzhou, mji mwingine wa Fujian. Mto ukawa unajaa mchanga. Bandari nyingine zikapanda. Basi.

Cha ajabu ni kwamba huko kusahaulika ndo kulikoulinda, mi naona hivyo. Miji iliyokuwa na hela kila baada ya miaka 50 inabomoa inajenga upya, huu ulibaki na vichochoro vyake. Na yale mawe ya makaburi yaliyofukiwa ukutani yalikuja kuibuka karne ya 20 ukuta ulipobomolewa, kuna mwalimu wa shule, Wu Wenliang, alikuwa anayakusanya moja moja, yenye Kiarabu, yenye misalaba, yenye michoro ya Kihindu, mengi leo yako kwenye makumbusho ya bahari iliyoanzishwa 1959. Mwalimu wa shule tu, jamani.

Kwa nini Wachina wa Manila, Singapore na Malaysia wanauita "nyumbani"?

Kwa sababu babu zao walitokea hapo. Bandari ilipokufa watu wakaanza kwenda kutafuta, vizazi kwa vizazi, Ufilipino, Malaysia, Indonesia, Singapore, na Taiwan vilevile. Kichina wanachoongea wale wazee wa Penang kule Malaysia na wa Manila ndo Kiminnan, lugha ya pande hizi, ukimsikia mama wa sokoni Quanzhou halafu ukamsikia babu wa Penang unaona ni lugha moja. Waliokuwa nje walikuwa wanatuma barua na hela ndani ya bahasha moja, zinaitwa qiaopi, na mwaka 2013 UNESCO iliziweka kwenye orodha yake ya kumbukumbu za dunia. Mtu aliyelelewa na hela za mjomba wa Maskati hahitaji maelezo hapo.

Hela hizo zilijenga nyumba, shule, mahekalu ya ukoo, na ile barabara ya Zhongshan yenye maduka ya ghorofa mbili tatu yenye baraza za nguzo mbele, ya miaka ya 1920, ukitembea mvua haikupati. Ukienda wakati wa sikukuu utakuta kundi la vijana waliokulia nje, Kiminnan chenyewe cha kubabaisha, wamekuja kutafuta jina la babu kwenye kitabu cha ukoo, kuna anayelia kuna anayepiga selfi.

Haya, ukarabati. Walibomoa wakajenga "mji wa kale" wa plastiki kama sehemu nyingine?

Hapa ndo nataka kukaa maana ndo kilichonifanya niandike.

China kuna miji ya kale mingi ambayo ukweli ni ya juzi. Wanahamisha watu wote, wanajenga upya kwa zege, wanapaka rangi ya mbao, wanatundika taa nyekundu, wanaweka geti na tiketi, maduka yote yanauza mshikaki uleule na vikuku vilevile. Nimeenda kadhaa, sikumbuki hata majina.

Quanzhou walifanya kwa vidogo vidogo. Mfano wa mwanzo ulikuwa kichochoro kinaitwa Jinyu, maana yake samaki wa dhahabu, na kazi yenyewe ukiitazama hutaona kitu cha kupiga picha: nyaya zilizokuwa zimening'inia kama nguo zilifukiwa, mifereji ikarekebishwa, mawe ya chini yakapangwa upya, kuta zikazibwa nyufa. Wenye nyumba wakabaki. Kisha ikaenda Mtaa wa Magharibi, Xijie, ikaenda Zhongshan. Watu wa mipango miji wana msemo wao kwamba mgeni akija aone watu, aone vitu, aone maisha, na kwa kweli pale Xijie unaona, bibi ameketi mlangoni anamenya kitunguu saumu, mita 10 kutoka kwake kuna kafe ya vijana, mbele yao wote kuna mnara wa karne ya 13.

Mafundi wenyewe ni kitu kingine. Nyumba za kule ni za matofali mekundu, paa lina ncha mbili zimepinda juu kama mkia wa mbayuwayu, na kuna ukuta wa aina yake unachanganya matofali na vipande vya mawe bila mpangilio, kama kanga iliyotiwa viraka. Wanasimulia kwamba baada ya tetemeko kubwa la 1604 watu hawakuwa na hela wakajengea vifusi, ikatokea kupendeza. Sasa ukikarabati ukuta huo huwezi kuleta kontena la matofali mapya sawasawa, itaonekana mara moja, lazima fundi anayejua kupanga jiwe na tofali kwa macho. Kazi ya namna hiyo haiendi haraka.

Viwanda vya zamani navyo havikuvunjwa. Kulikuwa na kiwanda cha matunda makavu yaliyotiwa sukari kilichoanza 1916 na jirani yake kinu cha unga, leo kote ni studio, migahawa na sehemu za maonyesho, wanaita Yuanhe 1916.

Mtu wa Unguja aliyenisoma hapa najua anawaza nini. Nami niliwaza hivyohivyo, maana Beit al-Ajaib ilianguka upande Desemba 2020 mbele ya macho yetu. Sisemi kwamba wenzetu ni malaika na serikali yao ina mfuko ambao sisi hatuna, ila kufukia nyaya na kuziba mifereji ya maji ya mvua si mambo ya kwenda mwezini.

Kwa hiyo hakuna ubaya wowote?

Upo. Julai 2021 mji uliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO, sehemu 22 kwa mpigo, na tangu hapo siku za mapumziko usijaribu, Xijie inakuwa kama Kariakoo wiki ya sikukuu, unasukumwa tu. Duka la mzee aliyekuwa anauza kamba na mafagio unakuta limekuwa la chai ya maziwa. Mwenye nyumba akipewa kodi nzuri atakataaje? Huyo bibi wa kitunguu saumu akiondoka sijui nani atakaa pale mlangoni, na kamera zote zile zimekuja kumpiga picha yeye.

Nikiwa na siku moja tu nione nini?

Anza hekalu la Kaiyuan, lilianzishwa 686. Minara miwili ya mawe, wa mashariki una mita 48 na kitu, wa magharibi 44 hivi, ilijengwa kati ya 1228 na 1250 na lile tetemeko la 1604 halikuiangusha. Mnara wa magharibi tafuta nyani aliyeshika upanga kachongwa pale, Wachina wenyewe wanapigana vikumbo kumtafuta. Nyuma ya ukumbi mkubwa wa Kibuddha kuna nguzo mbili zina michoro ya miungu ya Kihindu, zilitolewa hekalu lingine, hakuna aliyeona tabu.

Humo humo kwenye kiwanja cha hekalu kuna jahazi. Jahazi kweli, lilifukuliwa kwenye tope la ghuba mwaka 1974, mwili uliobaki ni mita 24 na vyumba vya shehena 13 vilivyotengwa, tundu likitoboka chumba kimoja meli haizami. Ndani walikuta mbao za manukato, pilipili manga, ubani, kauri, mpaka ambari. Tuliokulia pwani hivyo vyote ni vitu vya kabatini kwa bibi.

Halafu nenda Mtaa wa Tumen kwenye msikiti wa Qingjing. Mlango wa mawe wa upinde, mrefu, hauna dalili ya Uchina hata kidogo, msikiti ulijengwa mwaka 400 wa Hijra, yaani 1009, na maandishi ya Kiarabu ukutani yanasema ulikarabatiwa 1310 na mtu wa... Shiraz. Nilicheka peke yangu. Hawa Washirazi hakuna walikopitwa! Ukumbi wa zamani hauna paa tena, unaswali penye jengo la pembeni. Hatua chache kutoka hapo kuna hekalu la Guan Yu, jemadari wa kale anayeabudiwa kama mungu, moshi wa udi umejaa mpaka barabarani, kisha hekalu la Confucius ambapo jioni wazee hupiga nanyin, muziki wa polepole sana, wa kale sana, uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2009. Dakika 5 za mwanzo utachoka. Vumilia.

Ukipata siku ya pili ni madaraja. La Luoyang lilijengwa 1053 mpaka 1059, mto una mkondo mkali wa bahari, wakamwaga mawe chini halafu wakafuga chaza juu yake ili chaza wayagandishe mawe yawe kitu kimoja. Saruji hai! Lingine ni la Anping, 1138 mpaka 1151, zaidi ya kilomita 2 za mawe matupu. Na mwenye hamu ya vitu adimu aende Cao'an kule Jinjiang, kuna sanamu ya Mani ya mwaka 1339, yule nabii wa dini iliyokwisha kufa duniani kote, ila pale bado anachomewa udi, wengine wakidhani ni Buddha.

Yale maua kichwani mwa wanawake kwenye picha zako ni ya nini?

Ni ya kijiji cha wavuvi cha Xunpu, wanawake wa pale wanafunga nywele nyuma na kuzizungushia mashada ya maua mabichi, asmini na mengine, kitu cha miaka mingi. Mwaka 2023 mwigizaji Zhao Liying alipiga picha kavaa hivyo, intaneti ikalipuka, sasa kila mlango kijijini ni studio ya kukodi nguo na kupambwa. Nyanya wa kweli wa Xunpu anayeuza chaza na maua yake kichwani utamjua, yeye hatazami kamera. Nyumba za pale kuta zimejengwa kwa makombe makubwa ya chaza, na wenyeji wanasimulia kwamba yaliletwa na meli zilizorudi tupu zikayabeba kama uzito wa chini, wengine wanakwenda mbali mpaka kusema yalitoka pwani ya Afrika. Mimi sina ushahidi ila nimeipenda hiyo.

Chakula? Kuna halali?

Ipo lakini tafuta. Nguruwe yupo kila mahali, hata ule wali uliofungwa kwenye majani unaosifiwa sana ndani ni nguruwe. Tafuta maandishi 清真, save hiyo kwenye simu, kwa kawaida ni migahawa ya tambi na nyama ya ng'ombe. Chaza za kukaangwa na mayai ni tamu balaa ila uliza ni mafuta gani. Kuna jeli ya mnyoo wa baharini, inaitwa tusundong, baridi, na siki na pilipili. Nilikula. Sitorudia.

Chai ni Tieguanyin ya Anxi, vikombe vidogo kama vya kahawa chungu za kwetu, na hawaweki sukari, usiombe. Kwa Kiminnan chai ni "te", ndo Wazungu walikolipata neno lao.

Kufika, hela, lugha?

Viza ya China unaiomba kwenu kabla ya kusafiri. Ukishafika Xiamen, mji jirani, ni treni ya mwendokasi, kama nusu saa hivi inategemea treni na stesheni, maana stesheni ziko zaidi ya moja, angalia vizuri usije ukashukia mbali na hoteli yako. Pia kuna uwanja wa ndege wa Jinjiang karibu kabisa. Hela, unganisha kadi yako ya benki na Alipay au WeChat kabla hujaondoka, noti utapata nazo tabu. WhatsApp haifunguki kule bila VPN, na VPN weka ukiwa nyumbani. Kiingereza usitegemee, programu ya kutafsiri kwenye simu inatosha.

Mtu mweusi anaangaliwaje?

Watakutazama, watoto watakupungia, atatokea mmama akuombe picha. Kwenye viwanda vya Jinjiang wamezoea wateja Waafrika, vichochoroni kule hawajazoea. Mimi mwenyewe sijakutana na ubaya, hoteli moja ndogo ilinikataa wakidai hawajui kuandikisha mgeni wa nje, kwa hiyo ulizia kabla hujalipa.

Niende miezi gani?

Kuanzia Oktoba mwishoni mpaka Desemba. Julai hadi Septemba ni joto la jasho na tufani, ile Doksuri ya Julai 2023 ilitua palepale Jinjiang. Epuka wiki ya kwanza ya Oktoba, China nzima iko barabarani. Ukienda Novemba panda kilima cha Jiuri, kuna maandishi yamechongwa mwambani tangu enzi za watawala wa Song, kabla ya Ming, maofisa walikuwa wanakwenda kuomba upepo, upepo wa kutoka na upepo wa kurudi, yaani kaskazi na kusi tu, ila wenzetu walikuwa na sherehe ya serikali. Huo wa baridi ndo unavuma miezi hiyo, na unauma hasa ukiwa juu ya daraja, kwa hiyo beba sweta.